Huko Korea hata masalio yana majina yake

Msomaji mpendwa, umewahi kuachiwa kilichobaki? Sisemi mchuzi wa chini ya sufuria, pale unaporudi nyumbani saa nne za usiku ukakuta wenzako wamekwisha kula. Nasema kitu chenye uzito, kitu ambacho watu walikaa kitako wakakigawana, kila mmoja akatwaa fungu lake, kisha wakatazama huku na huku na kusema: "Haya, hicho kilichobaki apewe fulani." Kama yamewahi kukufika utanielewa upesi. Kama hayajakufika, nivumilie, maana leo nataka kukusimulia jinsi maneno machache ya Kikorea yalivyonifunza adabu nikiwa mtu mzima.

Marehemu baba alituacha mwaka wa 2015. Sisi tumezaliwa watano, wavulana wanne na mimi, kitindamimba. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata tulikutana nyumbani, Kakamega, ili shamba ligawanywe. Ni ekari tatu tu, na kwa familia ya watu watano hizo si nyingi. Kaka mkubwa alisimama na sorovea na kamba, wazee wakakaa chini ya mwembe, na mafungu manne yakakatwa yakiwa yamenyooka kama mistari ya daftari. Huko chini mtoni kikabaki kipande cha pembe tatu, ambacho ungeweza kufunga ng'ombe mmoja na ndama wake, lakini si wawili.

Kaka akanyosha kidole na kusema, "Na hicho kilichobaki huko mtoni kitakuwa cha huyu mdogo wetu, lakini..."

Sikungoja kusikia kilichofuata. Niliinuka, nikakung'uta sketi, nikawaambia kwamba Katiba yetu ya mwaka wa 2010 haimruhusu mtu kumbagua mwingine kwa sababu yeye ni mwanamke, na kwamba mimi si ng'ombe wala ndama. Nikachukua mkoba wangu na kupanda matatu ya kurudi Nairobi. Tangu siku hiyo sikumpigia kaka simu, na yeye hakunipigia. Mama alipojaribu kutupatanisha nilimwambia amwache mwanawe ale shamba lake.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2018 nilipata udhamini wa kwenda kusoma kwa mwaka mmoja katika mji wa Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini. Nilipanga chumba kwa nyanya mmoja aliyekuwa fundi wa nguo. Wakorea humwita nyanya "halmoni", nami nikamwita hivyo. Jioni ya kwanza aliniuliza kwa ishara na kwa maneno machache kwamba kwetu tumezaliwa wangapi. Nikamwonyesha vidole vitano. Akauliza mimi ni wa ngapi. Nikakishika kidole cha mwisho.

"Mangnae!" akasema, akacheka na kunipigapiga mgongoni.

Mangnae ni kitindamimba. Kutoka siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Na hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza la Kikorea nje ya darasa, neno la mwisho wa kitu. Sikujua kwamba ningekusanya mengine ya aina hiyo hadi daftari lijae.

Neno kubwa katika ukoo huo ni "kkeut", yaani mwisho au ncha. Kulitamka ni kazi. Hizo k mbili hubanwa kooni bila kutoa pumzi, na irabu yake haimo katika lugha yetu. Sharti useme "u" huku midomo imetanuka kama mtu anayetabasamu kwa kulazimishwa. Kisha ile t ya mwisho haitoki. Ulimi unaigusa na kukomea hapo, sauti ikamezwa. Nilikuwa nikiongeza irabu kama sisi Waswahili tunavyozoea, na nyanya alikuwa akitikisa kichwa. "Umeze," alikuwa akionyesha kwa mkono kooni.

Ukishalijua kkeut, maneno mengi yanakufungukia. Ncha ya kidole ni "sonkkeut", mkono na mwisho wake. Ncha ya kidole cha mguu ni "balkkeut". Ncha ya kisu ni "kalkkeut". Matunda ya mwisho wa msimu, yale yanayokuja sokoni yakiwa madogo wakati wenzake wamekwisha, yanaitwa "kkeunmul". Watoto nao wana mchezo uitwao "kkeunmaritgi", yaani kuunganisha miisho ya maneno. Mmoja anataja neno, na mwenzake lazima aanze lake kwa silabi iliyomaliza la kwanza. Hebu tuujaribu kwa Kiswahili: kalamu, muhogo, goti, tikiti. Mnaendelea hivyo mpaka mmoja akwame. Nimewahi kuucheza na watoto wawili ndani ya basi, wakanishinda mara sita.

Pembezoni nako kuna majina tele. Kineno kifupi "ga" ni ukingo, ukikiunganisha na bahari unapata "badatga", ufuoni. Kando ya njia ni "gilga", kando ya dirisha ni "changga", na kwenye kingo za macho, pale machozi yanapokusanyika kabla hayajatiririka, ni "nunga". Mtaa wa nje kabisa ya mji ni "byeonduri". Pembe ya meza inayokugonga kiunoni ni "moseori", lakini pembe ya ndani ya chumba, anakojificha mtoto aliyekosa, si moseori tena bali ni "guseok". Nilijionea fahari pia, maana nilipokaa kuwaza niligundua kwamba Kiswahili hakikulala. Tuna ncha, ukingo, pambizo, pindo na upenu. Ni sisi tu tumeacha kuyatumia, kila kitu tunakiita "mwisho" au "kona".

Lakini maneno yaliyonigusa zaidi ni yale ya masalio.

Nyanya alikuwa na jiko la umeme la kupikia wali, ila mara moja moja alipika katika sufuria nzito ya zamani kwa sababu alitaka ukoko. Naam, msomaji, ule ukoko tuliokuwa tukiugombania utotoni, wa ugali au wa wali. Wao huuita "nurungji". Wali ukiisha kupakuliwa, humwagiwa maji juu ya ukoko, yakachemshwa, na hayo maji yenye harufu ya kuchomeka yakanywewa baada ya chakula. Maji hayo nayo yana jina lake, "sungnyung". Halafu kuna tofu, kile chakula cheupe kama jibini kinachotengenezwa kwa maziwa ya soya. Soya ikisagwa na kukamuliwa yanabaki machicha, kama yale ya nazi ambayo kwetu hutupiwa kuku. Wakorea huyaita "biji", na huyapika mchuzi mzito unaochomachoma kwa pilipili. Makombo ya mkate ni "buseureogi". Penseli iliyochongwa mpaka ikawa fupi kama kidole gumba ni "mongdang yeonpil".

Nilimwuliza nyanya mbona watu wake wana majina mengi hivi ya vitu vilivyobaki. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita vya Korea vya mwaka wa 1950 hadi 1953, na anaikumbuka njaa iliyofuata. Alifikiri kidogo akasema, "Kitu unachokitupa hukipi jina. Unakipa jina kile utakachokitumia kesho."

Siku moja nilimkuta amekaa sakafuni na gunia la vitambaa. Vilikuwa vipande vya kila rangi, vingine havizidi upana wa kiganja. Nikadhani anapanga kuvitupa. Akaniambia, "Hizi ni jaturi."

Jaturi ni kipande cha nguo kinachobaki baada ya kitambaa kupimwa na kukatwa. Zamani kitambaa kilipimwa kwa kipimo kiitwacho "ja", ambacho siku hizi ni kama sentimita 30. Kile kilichobaki kipimo kikiisha ndicho jaturi. Lakini neno hilo limetembea mbali na meza ya fundi. Dakika kumi unazongojea basi zinaitwa "jaturi sigan", masalio ya wakati, nao Wakorea huhimizana wazitumie kusoma. Na kipande cha ardhi kilichobaki baada ya viwanja kupimwa, kisichotosha kujengwa nyumba, kinaitwa "jaturi ttang".

Nilipolisikia hilo la mwisho, msomaji, sindano ilinichoma ingawa si mimi niliyekuwa nikishona.

Nyanya hakuona. Aliendelea kunieleza kwamba mwaka wa 2012 jiji la Seoul lilianzisha shindano ambamo vikundi vya watu hupewa saa 72 tu kugeuza viwanja vya namna hiyo, vilivyoachwa kati ya majumba na kujaa takataka, viwe mahali pa kupumzikia. Wakapanda miti na kuweka viti. Kisha akanifunulia alichokuwa akikishona. Kilikuwa "jogakbo", kitambaa cha kufungia vitu kilichoungwa kwa vipande vya masalio. Enzi za ufalme wa Joseon, ulioanza mwaka wa 1392 na kumalizika mwaka wa 1910, wanawake majumbani walivishona kwa mabaki ya hariri na katani, wakafunikia chakula na kufungia zawadi. Waliamini kwamba kila tundu la sindano ni dua ya maisha marefu kwa atakayekitumia. Majina ya wanawake hao hayakuandikwa popote. Lakini mkusanyaji mmoja, Huh Dong-hwa, alitumia miaka mingi kuvikusanya, na mwaka wa 2018 mkusanyiko wake ukapewa jiji la Seoul. Leo kazi hizo zimo katika jumba la makumbusho ya ufundi lililofunguliwa jijini humo mwaka wa 2021. Masalio ya fundi yakawa hazina ya taifa.

Usiku ule sikulala vyema. Nilijiambia kwamba hayo ni mazuri kwa vitambaa, ila haki ni haki, na pembe tatu ya ardhi si hariri. Hata leo sijabadili fikira zangu kuhusu hilo. Anayekupa masalio akakuambia uyashone vizuri naye ana lake la kujibu.

Kilichonigeuza ni neno jingine. Siku nyanya aliponiuliza mbona sijawahi kumsikia nikizungumza na kaka zangu kwenye simu, nilimweleza kisa chote, nikakimaliza kwa kusema kwamba mimi sina kinyongo, nimesamehe, sitaki tu kuongea naye. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Mangnae," akasema, "wewe una dwikkeut."

"Dwi" ni nyuma, na kkeut tunalijua. Dwikkeut ni mwisho ulio nyuma ya mwisho. Ugomvi umekwisha, maneno yamekwisha, watu wametawanyika, lakini kuna kitu kimebaki moyoni kama mashapo chini ya kikombe. Wakorea humsifu mtu mkali kwa kusema kwamba hana dwikkeut, yaani hufoka leo na kesho akakusalimia kwa moyo mweupe. Mimi nilijidhani ni mtu wa aina hiyo. Kumbe miaka ilikuwa inakwenda nami nimekalia mashapo.

Akaniuliza swali lililonishinda, "Huyo kaka yako alimalizia kusemaje?"

Nikamwambia sijui, niliondoka.

Hapo alicheka mpaka akashika ubavu. Wakorea wana msemo kwamba lugha yao lazima uisikilize hadi mwisho ndipo uielewe. Na ni kweli, kwa sababu kitenzi chao hukaa mwishoni mwa sentensi, na heshima unayompa mwenzako hubandikwa hapo hapo kwenye mkia wa kitenzi. Zaidi ya hayo, hata kukanusha kunaweza kuja mwishoni. Mtu anaanza na shule, anafuatisha kwenda, nawe umekwisha kudhani anakwenda shuleni, kumbe neno la mwisho kabisa ndilo linalosema kwamba haendi. Sisi hukataa mapema: "sitaki", "hatuendi", "si lako". Kiswahili kinakuwahi mlangoni. Lakini hata katika Kiswahili kuna neno moja ambalo mtu mwenye akili hangepaswa kuondoka kabla halijamalizwa. Neno hilo ni "lakini".

Majani yalipopukutika mwezi wa Novemba, miti ya matunda yaitwayo "gam" ilibaki mitupu. Gam ni tunda la rangi ya machungwa, umbo lake kama nyanya kubwa ya sokoni. Yote yalikuwa yamechumwa, ila kileleni mwa kila mti yaliachwa machache yakining'inia. Nilidhani wavunaji walishindwa kuyafikia. Nyanya akaniambia hayo ni "kkachibap", chakula cha ndege wanaoitwa kkachi, weusi wenye tumbo jeupe. Huachwa makusudi ili ndege wapate cha kula wakati wa baridi. Nilisimama pale nikiwaza kwamba ipo tofauti kati ya kubakisha na kubakiwa. Jicho haliioni, maana tunda ni lile lile. Ukitaka kujua, sharti umwulize aliyelichuma.

Tarehe 31 Desemba, 2018, nilipanda basi kwenda wilaya ya Haenam, kwenye kijiji kiitwacho Ttangkkeut. Ttang ni ardhi, kkeut ni mwisho. Ndipo mahali pa kusini kabisa pa bara la Korea, na watu huenda huko siku hiyo kutazama jua la mwisho la mwaka likizama, wakalala, na asubuhi wakaliona la kwanza likichomoza. Baridi ilikuwa inakata masikio. Watu walijaa, wazee kwa watoto, na jua likashuka nyuma ya visiwa likiwa jekundu.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Kwetu ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Nikatoa mkono kwenye glavu nikampigia kaka.

Iliita mara nyingi. Kisha nikasikia kuku, na mtoto akilia, na sauti yake: "Haloo?"

"Kaka, ni mimi."

Kimya. Halafu akasema, "Mdogo wangu. Huko mnakula?"

"Tunakula, kaka."

"Kuna baridi?"

"Kali sana."

Tuliulizana habari za mama, za watoto, za mahindi. Miaka miwili na miezi minane ilipita katika dakika tatu. Mwishowe nikajikaza nikamwambia, "Siku ile ulisema kipande kile ni changu, lakini. Sikukungoja. Lakini nini?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lolote, zuri au baya. Akasema, "Haki ya Mungu, dada, sikumbuki."

Nikacheka, naye akacheka, na machozi yakanijaa pale kwenye nunga. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ungengoja ningemaliza. Na mimi ningekufuata barabarani. Sikukufuata. Ukirudi, tupime upya."

Usiku huo, katika nyumba ya wageni, nilikumbuka jambo ambalo mwalimu alitufundisha nami sikulitilia maanani. Ile t ya mwisho wa neno kkeut, ile inayomezwa, haipotei. Neno likisimama peke yake huisikii. Lakini likifuatwa na kiambishi chenye irabu, sauti inafufuka. Wanasema "kkeuteul", na pengine "kkeuchi", ikigeuka kuwa ch iliyo wazi kabisa. Yaani mwisho hausikiki vizuri mpaka kitu kingine kije nyuma yake.

Nilirudi nyumbani mwaka wa 2019. Sitakudanganya, msomaji, kwamba mambo yalinyooka siku moja. Kaka wa pili alikasirika, wazee waliitwa mara tatu, na sorovea alilipwa upya, nusu kutoka mfukoni mwangu. Mafungu yakawa matano, nami nikapata langu lenye jiwe la mpaka katika kila pembe. Ni dogo kuliko nililodai, nao kaka zangu wanaona ni kubwa kuliko walivyokusudia. Pengine ndiyo dalili kwamba liko karibu na haki.

Ile pembe tatu ya mtoni hakupewa mtu. Tumepanda mapera na migomba, na anayepita akiwa na njaa anachuma. Mama anawakataza watoto kupanda hadi matawi ya juu. Anasema huko ni kwa ndege, nami sikumbuki kama nilimwambia habari za kkachibap au aliyajua mwenyewe tangu zamani.

Nyanya wa Gwangju alinifungia zawadi siku ya kuondoka kwa jogakbo ile niliyomwona akiishona. Iko ukutani kwangu. Katikati yake mna kipande kimoja cha kitenge, nacho ni pindo la sketi yangu lililoraruka huko, nikalitupa kwenye pipa la taka. Alikuwa amekiokota.

Basi nawe, msomaji, kama kuna mtu uliyemwachia sentensi katikati, usingoje jua la Desemba. Mpigie umwulize ilikuwa inamalizikaje. Huenda amesahau, lakini mpigie hata hivyo.